Gari la saluni lililotumika likileta matata: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu gari dogo la familia la petroli lenye soketi ya OBD-II (mfumo wa gari kujikagua na kutunza kodi, yaani namba za hitilafu), ile ya pini 16 iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva. Marekani ililazimisha mfumo huo kwa magari mapya tangu 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli tangu 2001. Gari lililotumika huja na matengenezo ya watu wengine ndani yake, mengine mazuri na mengine ya kubahatisha, kwa hiyo karibu kila jibu hapa linaanza na kipimo kabla ya spea. Utahitaji multimita, kisomaji cha kodi, tochi, seti ya spana na kitabu cha gari lako.

Nikigeuza ufunguo nasikia tik-tik-tik tu. Betri imekufa?

Huenda, lakini usiinunue bado. Mlio wa haraka namna hiyo maana yake umeme unatosha kuvuta swichi ya stata (mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha) lakini mzigo wa mota ukiingia volti zinaporomoka, swichi inaachia, kisha inavuta tena. Chanzo kinaweza kuwa betri, au klempu (vibanio vya waya kwenye vichwa vya betri) zilizolegea na kuota unga mweupe au wa kijani.

Pima betri gari likiwa limelala usiku kucha. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na chini ya 12.0 imekwisha. Kama gari limetoka kutembea, washa taa kubwa kwa dakika mbili, zima, ndipo upime. Vinginevyo utasoma chaji ya juujuu inayodanganya. Kisha mtu apige stata huku wewe unaangalia mita. Ikishuka chini ya 9.6 ilhali betri ilikuwa imechajiwa, betri ndiyo dhaifu.

Ikibaki juu ya 12 na unasikia "tak" moja tu, umeme upo ila haufiki. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri (kichwa chenyewe, si klempu) na nyingine kwenye chuma kitupu cha bloku ya injini, halafu mtu apige stata. Ukisoma zaidi ya volti 0.2 au 0.3, waya wa kwenda kwenye bodi na injini una kutu au umelegea. Fanya hivyo upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi boliti kubwa ya stata: isizidi 0.5. Pande zote mbili zikiwa sawa, hapo ndipo stata inashukiwa. Stata nyingi nzima hung'olewa bure kwa sababu kipimo hiki cha dakika mbili hakikufanywa.

Ukisafisha klempu, toa hasi kwanza na uirudishe mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi utapata cheche kubwa karibu na betri inayoweza kutoa gesi ya hidrojeni.

Na kama hakuna mlio wowote?

Kwenye gari la otomatiki, jaribu kuwasha likiwa kwenye N badala ya P. Likiwaka, swichi ya kwenye gia inayozuia stata imechakaa au imehama mahali pake. Kwenye manyuo (gari la gia za mkono), angalia swichi iliyo juu ya pedeli ya klachi. Taa ya ufunguo au kufuli ikimetameta kwenye dashibodi, gari halijautambua ufunguo. Jaribu ule wa akiba kabla ya kufungua chochote.

Stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki.

Sikiliza kwanza mwendo wa stata wenyewe. Ikizunguka kwa kasi na wepesi kuliko kawaida, bila ule mdundo wa silinda, acha kupiga mara moja: mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu, unaweza kuwa umekatika, na kila mzunguko wa ziada unaweza kupinda valvu nyingine.

Kama mdundo ni wa kawaida, geuza ufunguo hadi ON bila kupiga stata na usikilize siti ya nyuma. Katika magari mengi pampu ya mafuta hunguruma kwa sekunde mbili hivi kisha hunyamaza. Kimya? Angalia fyuzi, kisha badilisha relei (swichi ya umeme) ya pampu na nyingine yenye namba ileile kwenye boksi, mara nyingi ya honi. Pampu ikinguruma, tazama mshale wa mzunguko wa injini wakati wa kupiga stata. Usipoinuka hata kidogo, sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini) inashukiwa, hasa kama gari lilizima likiwa la moto na huwaka tena likipoa. Hiyo ni tabia inayojulikana ya sensa hiyo.

Ukisikia harufu kali ya petroli, injini imejaa mafuta. Kanyaga mafuta hadi mwisho na ushikilie huku ukipiga stata kwa sekunde tano hadi kumi. Kompyuta ya magari mengi huelewa ishara hiyo na kukata mafuta ili silinda zikauke.

Nimeweka betri mpya, baada ya siku mbili tatu imekufa tena.

Basi ama haichajiwi, ama kuna kitu kinainyonya gari likiwa limezimwa.

Kuchaji ni rahisi kupima: injini ikiwaka, taa na feni zikiwa wazi, kwenye betri usome kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya 13.3, angalia mkanda wa altaneta (kifaa kinachochaji betri) na plagi yake kabla ya kuihukumu. Juu ya 15 ni regyuleta, yaani kidhibiti cha chaji, na betri itachemka. Magari ya karibuni yenye chaji inayoongozwa na kompyuta huweza kushusha volti kwa makusudi, kwa hiyo washa mizigo yote kabla ya kuamua.

Kwa unyonyaji, hamisha waya wa mita kwenye tundu la 10A, toa klempu ya hasi, na uunganishe mita kati ya klempu na kichwa cha betri. Funga milango, sukuma komeo la boneti kwa bisibisi ili gari lidhani imefungwa, weka ufunguo mbali, usubiri dakika 30 au zaidi kompyuta zilale. Usijaribu kuwasha gari mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake. Chini ya miliampea 50 ni kawaida. Ukisoma 500, hizo ni ampea-saa 12 kwa siku. Betri ya ampea-saa 45 haitamaliza siku nne, na stata itaanza kugoma mapema zaidi. Toa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Washukiwa wa kudumu ni taa ya buti isiyozimika, redio au alamu iliyofungwa baadaye, na kifaa cha kufuatilia gari kilichosahauliwa na mmiliki wa zamani.

Fyuzi zote zikitolewa na namba haishuki, chomoa waya mnene wa altaneta. Diodi iliyokufa hupitisha umeme kurudi nyuma, na waya huo kwa kawaida haupiti kwenye fyuzi ndogo ulizokuwa ukitoa.

Gari linachemsha. Nianzie wapi?

Kwanza liokoe. Zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho na feni kwa nguvu, tafuta mahali pa kusimama. Mshale ukiwa kwenye nyekundu, zima injini. Silinda hedi ya aluminiamu hupinda kwa joto, na dakika chache za "nitafika tu" hugeuza tatizo la bomba la mpira kuwa kazi ya kufungua injini. Usifungue kofia ya rejeta ikiwa ya moto. Mfumo una shinikizo la takriban baa 0.9 hadi 1.1, na humo ndani kulanti (maji ya kupoza injini) inakaa kimiminika ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 100. Ukifungua, inageuka mvuke papo hapo usoni pako. Usimwage maji baridi kwenye injini ya moto pia.

Likishapoa, swali la maana ni hili: linachemsha lini? Likichemsha kwenye foleni na kupoa barabara kuu, tatizo ni feni. Washa kiyoyozi, katika magari mengi feni lazima izunguke. Isipozunguka, ipe volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka hapo, mota ni nzima na unatafuta relei, fyuzi au sensa ya joto. Likichemsha kwenye mwendo mkubwa au mlimani, feni haina hatia: rejeta imeziba, pampu ya maji haisukumi, au thamostati (valvu inayoruhusu kulanti kwenda kwenye rejeta) haifunguki sawasawa.

Thamostati nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 82 na 88, na namba imechapwa juu yake. Itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, pasha, utazame. Kuitoa kabisa, jambo ambalo mafundi wengi bado wanalishauri, si tiba. Injini hubaki ya ubaridi, kompyuta inaendelea kuongeza petroli ikidhani gari limewashwa sasa hivi, na matumizi ya mafuta yanapanda. Kodi ya P0128, inayosema injini haifikii joto lake, huzaliwa hapo.

Kulanti inapungua bila tone lolote sakafuni? Azima pampu ya kupima shinikizo, jaza hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kofia, uache dakika 15. Ikishuka, tafuta unyevu kwenye maungio, kwenye tundu dogo la pampu ya maji, na chini ya zulia la abiria wa mbele, ambako rejeta ndogo ya hita huvujia kwa siri. Gasketi ya silinda hedi inashukiwa ukiona viputo visivyoisha kwenye rejeta, moshi mweupe mzito hata injini ikiwa ya moto, mipira ya rejeta kuwa migumu dakika moja tu baada ya kuwasha gari baridi, au oili kwenye kijiti cha kupimia yenye rangi ya chai ya maziwa. Utando wa namna hiyo ukiwa chini ya kifuniko cha oili peke yake si ushahidi. Safari fupi huleta unyevu hapo. Uthibitisho ni kimiminika cha bluu kinachogeuka njano kikikutana na gesi za kuungua zilizoingia kwenye rejeta.

Ukijaza upya, changanya kulanti na maji yaliyochujwa madini nusu kwa nusu, kwa aina iliyoandikwa kitabuni. Rangi si kiwango. Kulanti mbili nyekundu zinaweza kuwa na kemikali tofauti kabisa. Kisha toa hewa: pua ya gari ikiwa juu kidogo, hita wazi, kofia wazi tangu injini ikiwa baridi, acha iwake huku ukiminya mpira wa juu hadi viputo viishe. Hewa iliyobaki ndiyo sababu ya kawaida ya gari "lililotengenezwa" kuchemsha tena kesho yake.

Taa ya injini imewaka. Naweza kuendelea kuendesha?

Ikiwa imetulia na gari linakwenda kawaida, unaweza kufika nyumbani. Ikimetameta, punguza mwendo na usimame: silinda inamisi (haichomi petroli) vibaya, petroli mbichi inakwenda kuungulia kwenye katalitiki (kisafisha moshi) na kuiyeyusha.

Soma kodi, na kabla ya kuzifuta andika zote pamoja na zile takwimu zilizogandishwa wakati hitilafu inatokea (joto, mwendo, mzunguko wa injini). Kufuta kodi bila kuziandika ni kutupa ushahidi. Kodi nayo haikutajii spea ya kununua, inakuonyesha mahali pa kupima. P0302 inasema silinda ya pili inamisi. Hamishia koili yake (inayotoa umeme wa cheche ya plagi) kwenye silinda ya tatu, futa kodi, tembea. Ikirudi kama P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, hamisha plagi, kisha fikiria injekta na kompresheni. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi, na kabla ya sensa ya oksijeni tafuta mpira wa vakyumu uliopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka, na presha ndogo ya mafuta. P0420, inayosema katalitiki haisafishi vya kutosha, huwafanya watu wakimbilie kununua katalitiki, spea ghali kuliko karibu zote katika ukurasa huu, kumbe bomba la moshi lina tundu mbele ya sensa.

Gari linatetemeka likisimama kwenye taa.

Weka D huku umekanyaga breki, kisha N. Mtetemo ukipotea kwenye N na mzunguko wa injini ukiwa laini, tazama mauntini (raba zinazoshikilia injini). Mshale wa mzunguko ukicheza, tatizo ni mwako: plagi, throto bodi (mlango wa hewa ya injini) yenye masizi, au hewa inayoingia kwa wizi. Plagi nyingi zina mwanya wa milimita 0.8 hadi 1.1, zile za iridiamu usizibane kwa nguvu, ncha yake ni nyembamba na huvunjika. Kwenye throto ya kielektroniki usisukume kile kibamba kwa kidole umeme ukiwa umewaka, na baada ya kuisafisha huenda ukahitaji kuifundisha upya kwa utaratibu wa kitabuni, la sivyo injini itakaa juu au kuzimazima.

Injini inakula oili. Ni ringi?

Si lazima. Moshi wa bluu asubuhi tu, ukiwasha, kisha unapotea: mara nyingi sili za valvu. Wa bluu kila ukikanyaga mafuta: ringi au silinda. Mweusi ni petroli nyingi, hauhusiani na oili. Kabla ya yote angalia valvu ya PCV, inayotoa mvuke wa ndani ya injini, kitu kidogo cha bei ndogo. Ikiziba, shinikizo husukuma oili kupitia sili na gasketi, na watu hufungua injini bila sababu.

Ukipima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), zingatia tofauti kati ya silinda kuliko namba yenyewe. Silinda iliyo chini kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, imwagie kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi upime tena. Ikipanda sana, ringi. Isipopanda, valvu au gasketi.

Taa nyekundu ya oili ikiwaka ukiwa safarini ni suala jingine: zima injini hapohapo. Inahusu shinikizo, na injini isiyo na shinikizo la oili hunoki, yaani huharibika ndani, katika muda mfupi sana. Angalia kijiti, hata kama oili ipo, usiwashe hadi shinikizo lipimwe kwa geji.

Nibadilishe lini mkanda wa taimingi?

Watengenezaji wengi husema kati ya kilomita 90,000 na 100,000, au miaka kadhaa hata kama kilomita hazijafika. Kwenye gari lililotumika lisilo na risiti ya kazi hiyo, hesabu kwamba haijafanywa. Badilisha pamoja na tenshena, puli na pampu ya maji kama inaendeshwa na mkanda huohuo. Injini ya cheni haina ratiba hiyo, ila oili iliyocheleweshwa huichakaza. Mlio wa kugongagonga kwa sekunde kadhaa asubuhi ni ishara yake.

Breki zinatetemesha usukani, au pedeli ni laini.

Usukani ukitetemeka unapokanyaga breki tu, diski za mbele hazina unene sawa. Ukitetemeka kwenye kilomita 80 hadi 110 kwa saa bila breki, ni balansi ya magurudumu. Ukifunga diski mpya, sugua kutu yote kwenye habu. Chembe moja ya kutu huipindisha diski na mtetemo hurudi baada ya wiki kadhaa. Unene wa chini umechapwa kwenye diski yenyewe. Pedi zenye nyama ya milimita 3 zimefika mwisho, na pedi ya ndani ikiisha kabla ya ya nje, pini za kalipa zimekwama.

Pedeli inayobonyea kama sponji ina hewa. Inayozama polepole huku umeikanyaga, bila uvujaji wowote nje, ni masta silinda. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, kwa hiyo yabadilishe kila baada ya miaka 2 hivi, kwa aina ya DOT iliyoandikwa kwenye kifuniko. Oili ya injini au ya usukani isiingie humo hata tone: huvimbisha raba zote za mfumo.

Kuna mlio wa ka-ka-ka nikikata kona, na mvumo barabara kuu.

Ka-ka-ka ukiongeza mafuta huku usukani umekatwa hadi mwisho ni joiti ya nje ya ekseli. Tafuta buti la mpira lililopasuka na grisi iliyorushwa ndani ya rimu. Ukiliwahi buti kabla mlio haujaanza, badilisha buti na grisi tu. Mvumo unaoongezeka na mwendo ni beringi au tairi. Pinda kidogo kushoto ukiwa na mwendo: uzito huenda kulia, na mvumo ukizidi, beringi ya kulia kwa kawaida ndiyo yenye kosa. Kugonga kwenye matuta madogo, anza na linki za stabilaiza.

Gia ya otomatiki inachelewa kuingia au inapiga teke.

Kiwango cha oili kwanza, kwa namna ya kitabuni. Magari mengine hupimwa injini ikiwaka na oili ikiwa ya moto, mengine hayana kijiti kabisa na hupimwa kwa nati ya chini kwenye joto maalumu. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua maana yake klachi za ndani zimeanza kwisha. Kumwaga kwa nati hutoa sehemu tu ya oili, kwa hiyo rudia mara 2 au 3 ukitembea kilomita kadhaa katikati. Gia ya CVT (otomatiki inayotumia mkanda na puli) haiwekewi ATF, yaani oili ya gia ya otomatiki, ya kawaida. Mkanda wake wa chuma unategemea mshiko wa oili yake.

Fyuzi inaungua kila nikiibadilisha.

Usiweke ya ampea kubwa zaidi. Fyuzi ya 10 ikibadilishwa na ya 20, kinachoungua safari ijayo ni waya ulio nyuma ya dashibodi. Weka taa ya breki ya wati 21 mahali pa fyuzi: ikiwaka kwa nguvu kuna shoti. Tikisa mafungu ya waya sehemu kwa sehemu, hasa kwenye bawaba za milango na za buti ambako hukunjwa kila siku, hadi taa ififie.

Kiyoyozi hakipoozi.

Angalia filta ya kabini, feni ya mbele, kisha kama klachi ya kompresa inashika. Gesi haiishi kwa kutumika. Ikipungua imevuja, na kuongeza bila kutafuta tundu ni kulipa mara mbili. Hujazwa kwa uzito ulioandikwa kwenye stika chini ya boneti, mara nyingi gramu 400 hadi 600 kwa saluni, si kwa kusoma presha pekee. Gesi za R134a na R1234yf hazichanganywi.

Kioo cha umeme kimekwama chini na mvua inakuja.

Bonyeza swichi ya kupandisha huku mtu akigonga mlango kwa kiganja usawa wa spika. Brashi za mota zilizochoka mara nyingi hushika kwa mtikisiko huo. Kikipanda, chomoa fyuzi yake hadi upate mota. Ukisikia mota inazunguka na kioo hakisogei, kebo ya regyuleta ya kioo (chombo kinachokipandisha) imekatika; fungua paneli ya mlango, inua kioo kwa mikono miwili na ukikaze kwa kabari ya mbao.